Umebanwa sokoni: uende Nairobi, Dar es Salaam au Lilongwe?

Karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa mara nne, na mama aliyeileta aliinyoosha mezani kwa kiganja kama anayepiga kanga pasi.

"Mwanangu, hebu nisomee. Nimepeleka mzigo wa laki tatu za Kenya, wameniwekea laki mbili na kumi. Hii nyingine imeliwa na nani?"

Mama huyu anatengeneza siagi ya karanga hapa Arusha, anavusha makopo Namanga, na mteja wake mkubwa alikuwa duka moja kubwa la Nairobi (si lile nitakalolitaja kwa jina huko mbele). Chini ya ankara yake makato yalikuwa yamepangwa mstari kwa mstari: punguzo la mauzo, mchango wa kufungua tawi jipya, makopo yaliyovunjikia rafuni. Nikamuuliza kama aliwahi kusaini kukubali hayo. Akanijibu kwamba alisaini kurasa kumi na nne siku ya kwanza, amesimama kaunta, huku gari la mzigo likipiga honi nje.

Mimi ni mtu wa hesabu, si wakili. Ila swali lake limenisomesha sheria za ushindani kuliko nilivyowahi kutarajia. Anayefanya biashara pande zote mbili za mpaka ana zaidi ya mlango mmoja wa kubisha, na milango hiyo haifanani. Huu ndio ulinganisho ambao ningependa kuwa nao siku ile.

Nianze na kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Watu huichanganya sheria ya ushindani na udhibiti wa bei, na si ajabu. Tanzania ilikuwa na Tume ya Bei kwa sheria ya 1973, na mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyeficha sukari uvunguni aliitwa mlanguzi na kusakwa kama mhujumu uchumi. Kenya nayo ilirithi kwa mkoloni sheria ya kudhibiti bei ya 1956. Siku hizo kosa lilikuwa bei yenyewe. Sheria ya ushindani inauliza jambo jingine: bei hiyo umeifikiaje? Ukipandisha sukari peke yako kwa kuwa umeona foleni, kwa sheria hii huna kosa. Mkikaa watano hotelini mkakubaliana ipande Jumatatu, mna kosa hata kama bei yenu iko chini ya ya jirani. Na ukubwa ni vivyo hivyo. Kampuni kuwa kubwa hakuna ubaya. Ubaya ni kuutumia ukubwa huo kumfungia mwenzako njia.

Kwa hiyo kama shida yako ni kwamba unga umepanda, sheria zote ninazozilinganisha hapa hazitakufaa. Kama shida yako ni kwamba kuna mtu amekufanyia jambo, endelea.

Marekani na Ulaya: rungu analishika nani?

Sheria zetu zina wazazi, na mtoto humwelewi vizuri bila kuwajua. Mzazi wa kwanza ni Sheria ya Sherman ya Marekani, iliyotiwa saini Julai 1890. Seneti iliipitisha kwa kura 51 dhidi ya 1, na Baraza la Wawakilishi halikuwa na hata mmoja aliyepinga. Vifungu vyake vikuu ni viwili tu, vifupi mno: kimoja kinakataza njama za kubana biashara, kingine kinakataza kuhodhi soko. Wakulima na wafanyabiashara wadogo walikuwa wamechoshwa na makampuni yaliyojifunga pamoja katika reli, mafuta na sukari.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya aibu. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiachia kundi la sukari lililokuwa limefikia takriban asilimia 98 ya usafishaji wa sukari nchini humo, kwa hoja kwamba kutengeneza sukari ni uzalishaji, si biashara baina ya majimbo. Wakati huohuo sheria hiyohiyo ikawageukia wafanyakazi: mwaka 1908 chama cha washona kofia kilibanwa nayo kwa kususia bidhaa za mwajiri. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya simba ikaanza kwa kuwakamata swala. Bunge la Marekani, Congress, lilijaribu kurekebisha mwaka 1914 kwa Sheria ya Clayton, na mwaka huohuo likaunda Tume ya Biashara ya Shirikisho.

Kesi ambayo kila mtu anaitaja ni ya Standard Oil ya John D. Rockefeller, iliyovunjwa kwa hukumu ya Mei 1911 ikawa makampuni 34. Vituo vya Esso na Mobil ambavyo wazee wetu walijaza mafuta ni wajukuu wa hukumu ile. Hata jina Esso ni herufi S na O za Standard Oil zikitamkwa kwa Kiingereza. Lakini hukumu hiyo ilileta pia kipimo ambacho bado kinatutawala: si kila mapatano kati ya wafanyabiashara ni haramu, ila yale yanayobana biashara kupita kiasi. Tangu hapo kesi za Marekani zimekuwa vita vya wataalamu wa uchumi mbele ya jaji, na jaji anaweza kukupa leo akakunyang'anya kesho. Microsoft iliamriwa kugawanywa mwaka 2000. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitupa amri hiyo. Google ilitangazwa na mahakama Agosti 2024 kuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na mwaka uliofuata jaji akakataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome.

Kinachonivutia mimi katika sheria ya Marekani si kuvunjwa kwa makampuni. Ni kwamba rungu limewekwa mkononi mwa aliyeumizwa. Mtu binafsi anaweza kushtaki mwenyewe, na akishinda analipwa hasara yake mara tatu. Mara tatu! Juu ya hapo, wapanga bei wanaweza kufungwa hadi miaka kumi.

Ulaya walichukua njia nyingine. Walianza na makaa ya mawe na chuma mwaka 1951, kisha Mkataba wa Roma wa 1957 ukaweka vifungu viwili ambavyo leo ni namba 101 na 102: cha kwanza kuhusu mapatano, cha pili kuhusu matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Nia yao haikuwa bei peke yake. Walitaka mipaka ya nchi ife kibiashara. Moja ya kesi zao kubwa za mwanzo, ya miaka ya 1960, ilihusu redio za Grundig za Ujerumani na wakala wake wa Ufaransa, waliokubaliana kwamba hakuna mwingine atakayeziingiza Ufaransa. Tume ya Ulaya ikasema mkifanya hivyo mnajenga upya ukuta ambao serikali zimeubomoa.

Huko rungu liko kwa ofisa. Tume hiyo ya Ulaya, yenye makao Brussels, inachunguza, inaamua na inatoza faini, hadi asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote. Mahakama inakuja baadaye, kwa rufaa. Hakuna jela kwa ngazi ya Umoja wa Ulaya. Na macho yao huona tofauti na ya Wamarekani. Mwaka 2001 kampuni ya General Electric ilitaka kuinunua Honeywell. Washington ikaruhusu. Brussels ikakataa, na dili likafa, ingawa zote mbili ni kampuni za Kimarekani.

Mwenye haraka aisome habari ya Foundem. Ilikuwa tovuti ndogo ya Uingereza ya kulinganisha bei, ya mume na mke, Adam na Shivaun Raff. Mwaka 2009 walilalamika Brussels kwamba Google inaisukuma chini katika matokeo ya utafutaji huku ikiweka huduma yake juu. Uamuzi ulitoka 2017: faini ya yuro bilioni 2.42. Google ikakata rufaa hadi ngazi ya mwisho, na ikashindwa Septemba 2024. Miaka kumi na mitano. Tovuti yenyewe ilikuwa imeshafungwa tangu 2016, na zile bilioni hazikuwa zao, kwa sababu faini haiendi kwa mlalamikaji. Wakitaka fidia, waanze kesi nyingine. Ulaya wenyewe waliona udhaifu huo, ndiyo maana mwaka 2022 walitunga sheria ya masoko ya kidijitali, inayoyaambia majukwaa makubwa mapema nini wasifanye, badala ya kusubiri mtu aumie.

Ukiniuliza, sheria ya Marekani ni tamu kwa mwenye wakili anayekubali kulipwa baada ya ushindi. Sisi huku mawakili wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Njia ya Ulaya inamfaa asiye na nauli ya mahakama: unaandika barua, kazi inafanywa na serikali. Bei yake ni subira, na kutokuwa na uhakika wa kuonja chochote.

Kenya na Tanzania zote mbili zimezaliwa upande wa Ulaya.

Nairobi na Dar es Salaam

Kwa umri wanakaribiana. Kenya ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1988, ikachanganya humohumo ukiritimba na udhibiti wa bei, kisha ikaja Sheria ya Ushindani ya 2010 iliyoanza kutumika Agosti 2011 na kuunda Mamlaka ya Ushindani. Tanzania ilianza na sheria ya 1994, wakati mashirika ya umma yakiuzwa, halafu ikaja Sheria ya Ushindani ya 2003 ambayo ndiyo iliyozaa Tume tunayoiita FCC. Sheria hiyo ni ya Bara tu. Zanzibar ina sheria na tume yake, kwa hiyo mwenye duka Darajani asipoteze nauli ya boti.

Pande zote mbili faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya mwaka. Tanzania iliweka na sakafu: isipungue asilimia 5. Kenya ina jela pia, hadi miaka mitano, au faini ya hadi shilingi milioni 10, ama vyote viwili. Pande zote mbili ukishindwa unakata rufaa kwenye baraza maalumu. Baraza la Tanzania, FCT, huongozwa na jaji wa Mahakama Kuu na husikiliza pia rufaa dhidi ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na TCRA (mdhibiti wa mawasiliano), na kwa sheria uamuzi wake ni wa mwisho. Kenya unaweza kutoka kwenye baraza ukaenda Mahakama Kuu.

Mpaka hapo utasema ni mapacha. Tofauti zinaonekana ukiingia ndani.

Ya kwanza, na kwa mama yangu wa karanga ndiyo kubwa kuliko zote: Kenya ina kifungu cha nguvu ya mnunuzi. Sheria nyingi za ushindani hutazama muuzaji anayewakandamiza wanunuzi. Kenya iligundua kwamba kwake mwenye kukandamiza mara nyingi ni mnunuzi, yaani duka kubwa lenye rafu ambazo kila msambazaji anazitaka. Maduka ya Nakumatt na Uchumi yalipoporomoka, wasambazaji walibaki na madeni yasiyolipika, na kilio hicho kilisikika hadi bungeni. Marekebisho ya 2016 na 2019 yakaandika makosa kwa majina: kuchelewesha malipo bila sababu ya msingi, kuvunja au kutishia kuvunja mkataba bila taarifa, kukataa au kurudisha mzigo kinyume cha makubaliano, kumbebesha msambazaji gharama na hasara zisizo zake. Na utamu wenyewe ni huu: mnunuzi hahitaji kuwa ameshika nusu ya soko. Inatosha kwamba wewe unamtegemea na huna kwa kukimbilia.

Kifungu hicho hakikulala. Kampuni ndogo ya maziwa ya mtindi, Orchards, ililalamika dhidi ya Majid Al Futtaim, wenye maduka ya Carrefour nchini Kenya: makato ya punguzo, bidhaa za bure, wafanyakazi wa msambazaji kutumikishwa dukani. Mamlaka ikaipa Orchards haki, na Aprili 2021 baraza la rufaa likaunga mkono. Faini haikufika hata shilingi laki mbili. Watu walicheka, lakini pamoja nayo ilikuja amri ya kurekebisha mikataba na wasambazaji wote, na hapo ndipo palipouma. Desemba 2023 ikaja ya pili, safari hii kwa malalamiko ya Pwani Oil na kampuni ya asali ya Woodlands: faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1, na amri ya kurudisha zaidi ya milioni 16 zilizokatwa kwenye ankara. Nisisitize hilo la mwisho. Mamlaka iliamuru fedha zirudi kwa aliyekatwa, jambo ambalo Brussels haimfanyii mlalamikaji wake.

Tanzania haina kifungu cha namna hiyo. Ukibanwa na mnunuzi Dar es Salaam, itakubidi uoneshe kwamba ana nguvu ya soko, kisha uoneshe ameitumia vibaya kwa kuua ushindani. Msambazaji wa mtindi hana uwezo wa kupima soko zima la rejareja. Hiyo ni hesabu ya wachumi, si ya kalamu na daftari.

Ya pili inaipendelea Tanzania. Kama anayekubana si mnunuzi bali mshindani mwenzako mkubwa, sheria ya 2003 iliweka mstari wa nguvu ya soko chini kabisa, asilimia 35, wakati Kenya kigezo cha kwanza ni nusu ya soko; aliye kati ya asilimia 40 na 50 ni juu yake kuonesha kwamba hana nguvu, na aliye chini ya 40 lazima ithibitishwe kwamba anayo. Mistari hii hurekebishwa, kwa hiyo shika toleo jipya la sheria kabla ya kuandika. Mfano wa kukumbuka ni wa bia. Serengeti Breweries ililalamika kwamba Tanzania Breweries, TBL, inazivamia baa kwa rangi na mabango yake na kuondoa ya mwenzake. Mwaka 2010 FCC iliiona TBL na hatia na kuitoza asilimia 5 ya mapato ya mwaka. TBL ikakata rufaa. Yeyote aliyekaa baa za Tanzania miaka ile anakumbuka ukuta unaolala mwekundu na kuamka wa njano. Wengine tulidhani ni mapenzi ya mwenye baa.

Ya tatu ni wapanga bei. Zote mbili zinakataza bila kuuliza madhara: wazabuni kukubaliana nani ashinde, washindani kupanga bei. Lakini kwa vitendo Kenya ndiyo iliyogonga meza. Agosti 2023 viwanda tisa vya chuma vilitozwa kwa pamoja shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Fikiria nondo za nyumba yako. Kenya pia ina mpango wa msamaha kwa anayejisalimisha wa kwanza, dawa iliyokopwa kwa wazazi. Huko Ulaya kampuni ya malori ya MAN ilitaja wenzake ikakwepa faini ya takriban yuro bilioni 1.2, huku wengine wakilipa. Njama haina adui mbaya kama mwenzako anayeogopa.

Ya nne inawahusu wanaonunua au kuuza kampuni. Kwa kanuni za Kenya za 2019, muungano wa kampuni ambazo mapato au mali zake kwa pamoja zinapita shilingi bilioni 1 za Kenya lazima uombewe kibali. Tanzania kiwango kilichowekwa 2017 ni bilioni 3.5 za Tanzania. Usidanganyike na tarakimu. Ukibadilisha fedha, cha Tanzania hakifiki hata robo ya cha Kenya. Dili ambalo Nairobi lingepita kimya, Dar es Salaam linahitaji kibali. Na kibali si mwisho wa safari. Mwaka 2021 Scancem, tawi la Heidelberg lenye Twiga Cement, ilitangaza kununua asilimia 68 ya Tanga Cement. FCC ikaruhusu kwa masharti Aprili 2022. Wapinzani wakaenda Barazani, na Septemba mwaka huohuo FCT ikaitengua ruhusa hiyo. Februari 2023 FCC ikaruhusu tena, dili likakamilika, na baadaye hisa hizo zikauzwa kwa Amsons. Mwenye dili lake Tanzania aweke kwenye bajeti muda wa watu wengine kupinga.

Kuna la tano ambalo halimo kwenye sheria ya ushindani lakini utalikuta mlangoni. FCC inashughulika pia na bidhaa bandia. Mtaani wengi wanaijua kwa maturubai ya viatu feki yanayochomwa moto, si kwa kesi za soko. Kenya kazi hiyo ina chombo chake. Ukienda FCC, sema mapema kwamba shida yako ni ya ushindani, usije ukapelekwa dawati la nembo.

Lilongwe, na Arusha pia

COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ina tume yake Lilongwe, Malawi, iliyoanza kazi Januari 2013. Inawahusu Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na wengine; Tanzania ilijitoa COMESA zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mlango huu ni wa mambo yanayovuka mpaka: muungano wa kampuni zenye biashara katika nchi wanachama zaidi ya moja, au mkataba wa usambazaji unaosema wakala wa Uganda asiuze Rwanda. Ni Grundig tena, jua likiwa kali zaidi. Mlalamikaji mdogo mwenye mteja mmoja Nairobi hana kazi huko.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilitunga sheria ya ushindani mwaka 2006 na ina mamlaka hapa Arusha, lakini kwa miaka mingi ilikaa kama kiti cha mgeni ambaye hajafika. Kwamba tunaihitaji halina ubishi. Mwaka 2002, kabla ya sheria ya sasa ya Tanzania, makundi mawili ya bia yaliyokuwa yakigombana pande zote za mpaka yaliamua kupatana: kiwanda cha Castle cha Thika kikafungwa, cha Kibo cha Moshi kikaenda kwa TBL, wakabadilishana hisa, na kila mmoja akapika bia ya mwenzake kwa leseni. Vita ya bia ikaisha kwa makampuni. Kwa mnywaji wa Moshi ilikuwa ni kiwanda kimepungua.

Uganda yeye ametunga sheria mpya ya 2023 na kuiweka mikononi mwa wizara ya biashara badala ya chombo cha pekee. Kama biashara yako iko Kampala, ningesubiri kidogo nione meno kabla ya kuinua matumaini.

Basi uchague nini?

Sheria humfuata mtenda pale athari inapotokea, si pale ulipozaliwa. Duka likiwa Nairobi, sheria ni ya Kenya hata kama wewe ni wa Arusha, na kulalamika hakuhitaji uraia. Ukibanwa na mnunuzi, Nairobi, bila kufikiri mara mbili, mradi mnunuzi huyo yuko Kenya. Ukibanwa na mshindani mkubwa ndani ya Tanzania, FCC, ukiwa na picha, tarehe na majina ya maduka. Na sheria inakuruhusu kuomba fidia papo hapo kwenye Tume. Wazabuni wakila njama, popote ulipo lalamika, na kama ulishiriki, kimbia kabla wenzako hawajakimbia. Kama unayemlalamikia ni kampuni ya umeme, simu au maji, anza kwa mdhibiti wa sekta hiyo. Kenya, suala la mawakala wa M-Pesa kufungwa kwa Safaricom peke yake lilimalizwa 2014 na Mamlaka ya Ushindani. Usitegemee kila nchi itafanya hivyo.

Na kama unachotaka ni fedha yako tu, wala hutaki kuadhibu mtu, kuna mlango wa tano: mahakama ya madai, au mazungumzo, ukiwa na barua ya malalamiko imeandikwa tayari lakini haijatumwa. Barua ya namna hiyo ina uzito wake mezani.

Hofu ndiyo inayoua kesi nyingi, si sheria. Msambazaji anajua akilalamika leo, kesho bidhaa yake haina rafu. Ndiyo maana vielelezo vikusanywe mapema, kabla hakujawa na ugomvi: mkataba wote na viambatisho, kila LPO (hati ya kuagiza mzigo), kila hati ya kupokea mzigo yenye muhuri, kila taarifa ya malipo yenye makato, na ujumbe wa simu wa meneja anayesema "tutaongea". Chapisha, simu huibiwa.

Mama wa karanga tulimwandalia malalamiko ya Nairobi, kurasa sita na viambatisho ishirini na mbili. Alivisoma vyote ofisini kwangu, miwani puani, akanywa chai, akaniambia nimpe wiki. Wiki ilipoisha alinipigia kwamba amepeleka makopo mia mbili kwenye maduka ya Sakina na Ngarenaro, hapahapa Arusha, wanalipa taslimu, na duka la Nairobi amewaandikia mstari mmoja: mkataba mpya wa kurasa mbili au basi. Bado hawajajibu. Faili liko kwenye kabati langu, limetiwa lebo ya buluu, na barua ya kwanza imeachwa bila tarehe.